Kisa ni kile kile: kwa nini kaka akikisimulia kinanoga na mimi kinapoa?

Swali: "Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Nikianza kusimulia jambo mbele za watu, hata ndugu zangu wa damu, sifiki katikati kabla mmoja hajatoa simu na mwingine hajaanzisha mazungumzo yake. Kaka yangu akisimulia jambo lile lile, watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Nitoe mfano. Miaka michache iliyopita tulisafiri na mama kwa basi kutoka Tanga kwenda Moshi kwenye harusi. Tulikata tiketi siku mbili kabla, tukaondoka saa moja na nusu asubuhi. Mama alibeba jogoo wa kumpelekea wifi yake, akamweka kwenye kikapu na kukifunika kwa kanga, maana kondakta alikuwa amekataza kuku ndani ya basi. Tulipita Muheza, Segera na Korogwe salama. Tulipofika Mombo basi likasimama, injini ikazimwa na jogoo akawika. Kondakta akauliza nani ana kuku, mama akasema ni simu yake inaita. Kondakta akamwambia aipokee. Mama akasema anayepiga ni mwanawe, atampigia wakifika. Watu walicheka, na baadaye kondakta alimwacha tu. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ninavyosimulia. Kaka anaongeza kwamba dereva alicheka hadi akashindwa kuendesha, na kwamba jogoo aliendelea kuwika hadi Same, mambo ambayo hayakutokea. Desemba ukoo unakutana Tanga kumpongeza mama kwa kutimiza miaka 70, nami nikiwa binti mkubwa nimepangiwa kusema machache juu yake. Je, kusimulia ni kipaji cha kuzaliwa? Ni lazima mtu aongope ndipo asikilizwe? Na je, nitafute kozi, au niandike hotuba niisome?"

Jibu: Dada yangu, nilipofika pale mama anapojibu kwamba anayepiga ni mwanawe, nilicheka peke yangu mezani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu lina uzito katika jibu lote: kisa unacho, na ni kizuri. Hukupungukiwa habari za kusimulia, wala Kiswahili chako hakina kasoro. Umeuliza maswali matatu, lakini chini yake naona wasiwasi mmoja, kwamba kaka yako alipewa kitu ambacho wewe ulinyimwa. Naona pia maumivu ambayo hukuyataja waziwazi. Kuachwa na maneno mdomoni na watu wa nyumbani kwako si jambo dogo, na mtu likimpata mara nyingi huishia kunyamaza katika kila mkusanyiko, kisha husemwa kwamba anaringa.

Nianze na suala la kipaji. Watu hawalingani kwa sauti, kwa kumbukumbu wala kwa ujasiri, na itakuwa si kweli nikikuambia kwamba yeyote anaweza kuwa yeyote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kile tunachokiita kipaji cha msimulizi ni mazoea ambayo hatukuyaona yakijengeka. Kaka yako hakukisimulia kisa cha Mombo mara moja. Amekisimulia kijiweni, kazini, msibani usiku watu wakiwa wamejilaza kwenye mikeka, na kila mara amewaona watu wanacheka wapi na wanapoa wapi. Kisichochekesha amekiacha njiani bila hata kukusudia. Wewe unakisimulia mara chache, kila mara kwa hadhari ya kutokukosea, na kwa hiyo kinabaki jinsi kilivyokuwa siku ya kwanza. Bibi zetu waliosifika kwa ngano walikuwa wamezirudia usiku baada ya usiku mbele ya wajukuu ambao hawakuwa na haya ya kusema, "Bibi, hapo si hivyo."

Ondoa pia dhana kwamba msimulizi ni lazima awe na sauti kubwa na mikono isiyotulia. Baadhi ya wasimulizi hodari unaoweza kuwakuta barazani, Mji Mkongwe au Lamu, ni wazee wanaoongea kwa sauti ya chini, kikombe cha kahawa mkononi, nao wasikilizaji ndio wanaosogea. Ukijilazimisha kuigiza vituko vya kaka yako utaonekana umevaa nguo za mtu mwingine, na watu watakuangalia wewe badala ya kukisikiliza kisa.

Sasa tuangalie kinachotokea hasa pale simu zinapotoka mfukoni. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna mwenye haki ya kushika zamu kwa muda mrefu. Kila sentensi inapoelekea kukamilika, mwenzako ana ruhusa ya kuingia, na akiingia hajakosa adabu; ndivyo mazungumzo yanavyokwenda duniani kote. Mwanasosholojia Mmarekani Harvey Sacks, ambaye katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichambua kwa makini mazungumzo yaliyorekodiwa, alionyesha kwamba anayetaka kusimulia kisa anaomba kitu kisicho cha kawaida: anaomba wenzake waache zamu zao zipite, sentensi baada ya sentensi, mpaka amalize. Ombi hilo hulitoa mwanzoni kwa maneno machache yanayoashiria kwamba kuna kisa na kwamba ni kisa cha namna gani, kisha husubiri akubaliwe. Wazee wetu walikuwa na utaratibu huo muda mrefu kabla ya vinasa sauti. Msimulizi husema "Hadithi, hadithi!" na haendelei mpaka aitikiwe "Hadithi njoo!"; Unguja husema "Paukwa!" na hungoja "Pakawa!" Aliyeitikia amejifunga. Hawezi dakika inayofuata kuanza kuzungumzia bei ya saruji.

Wewe huombi ruhusa hiyo. Unaanza na tiketi zilizokatwa siku mbili kabla, na hakuna aliyeambiwa kwamba kuna kisa kinakuja. Kwa msikilizaji, hizo ni habari za tiketi. Zikiisha, naye anachangia za kwake kuhusu nauli zilivyopanda, na hapo umekwisha kupoteza baraza. Jaribu kuanza hivi: "Jamani, mnajua mama alivyotuaibisha Mombo?" Sentensi hiyo inaahidi kicheko na aibu kidogo, inamtaja mhusika na mahali, lakini jogoo haionyeshi. Ukisema "Siku moja mama alisema jogoo ni simu," umetoa kila kitu mlangoni. Baada ya hapo nyamaza. Ngoja mpaka mtu mmoja aseme "Ehe?" au "Kafanyaje tena?" Wasiposema, basi si wakati wake, na hujapoteza chochote, kiweke kisa chako mpaka baadaye. Naona watu wengi hushindwa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kunyamaza sekunde mbili mbele ya watu kunatisha kuliko kuongea.

Jambo la pili linahusu kazi yako. Vitabu vya hesabu vinataka kila ingizo liwe mahali pake, kwa tarehe yake, na shilingi moja ikikosekana hesabu haifungi. Uaminifu huo unakupa mshahara, na umeuhamishia kwenye kisa, mahali ambapo unakudhuru. Mwanaisimu Mmarekani William Labov, aliyeandika pamoja na Joshua Waletzky mwaka 1967 juu ya namna watu wa kawaida wanavyosimulia yaliyowapata, aliona kwamba kusema nini kilifuata nini hakutoshi kufanya kisa. Msimulizi hodari, njia nzima, humwonyesha msikilizaji kwa nini kisa hicho kinastahili kusikilizwa, ili lisije likatokea swali baya kuliko yote: "Kwa hiyo?" Labov alikuwa na mbinu ya kuwauliza watu wa New York kama waliwahi kuwa katika hatari kubwa ya kufa, na wengi walipoanza kueleza walisahau kabisa kwamba wanarekodiwa. Hawakuhitaji kufundishwa ufasaha. Walijua kwa nini wanasimulia.

Kila unachomwambia msikilizaji anakihifadhi, akiamini kwamba kitahitajika. Ukitaja tiketi, anasubiri zipotee. Ukitaja saa moja na nusu, anasubiri basi lichelewe. Muheza, Segera, Korogwe: miji mitatu ambayo kwa kauli yako mwenyewe hakuna kilichotokea. Kufikia Mombo msikilizaji amechoka kubeba vitu visivyo na kazi, na jogoo anapowika yeye hayupo tena. Kwa hiyo pitia kila kipengele na ujiulize: nikikiondoa hiki, jibu la mama litashindwa kueleweka? Utakuta vinabaki vinne tu. Kondakta amekataza kuku. Jogoo yumo kikapuni, chini ya kanga. Basi limesimama. Injini imezimwa.

Hicho cha nne umekitaja kwa neno moja ukapita, nacho ndicho kinachokibeba kisa kizima. Injini ikinguruma, jogoo angeweza kuwika Korogwe kutwa nzima na asisikike zaidi ya viti viwili. Ukimya wa Mombo ndio uliomuumbua mama, na hapo ndipo unapopaswa kwenda taratibu, baada ya kukimbia kote nyuma.

Ngano zetu zinalijua hili vizuri sana. Chukua ile ya kima na papa, inayojulikana pwani nzima na iliyokuwemo katika hadithi za Unguja ambazo Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870. Haituambii kima alizaliwa wapi wala papa ana watoto wangapi. Kuna mti wa mkuyu ufukweni, kima anakula matunda juu, papa yuko chini anaomba atupiwe, urafiki unajengeka, na baada ya muda si mrefu kima yuko mgongoni kwa papa katikati ya bahari. Hapo sasa, maji yakiwa pande zote, ngano inapunguza mwendo: papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, na kima anajibu kwa utulivu kwamba wangemwambia mapema, maana kima wakisafiri huacha mioyo yao mitini. Mazungumzo hayo mafupi yanapewa nafasi kubwa kuliko urafiki wote uliotangulia.

Lipo pia jambo la kisarufi ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha nje ya madarasa. Kiambishi -ka- ni injini ya usimulizi wa Kiswahili: likasimama, ikazimwa, akawika, akauliza, akasema, akamwambia. Kinasukuma matukio mbele bila kuhitaji "halafu" wala "baadaye." Hatari yake ni kwamba kinayapa matukio yote uzito mmoja, na ukikitumia mwanzo hadi mwisho, jogoo kuwika kunakuwa sawa na basi kusimama. Msimulizi hodari anakimbia na -ka-, kisha anakivunja pale anapotaka tusimame naye. Tazama kisa chako kikipangwa hivyo:

"Tukafika Mombo. Dereva akazima injini. Basi zima kimya, jii. Mara chini ya kiti: kokorikoo! Kondakta huyo, anakuja, anainama kiti kimoja kimoja. 'Nani ana kuku humu?' Mama hatikisiki. 'Ni simu yangu hiyo, baba.' Kondakta anamtazama mama. Anakitazama kikapu. 'Haya, ipokee basi, mama.' 'Aa, ni mwanangu huyo. Nitampigia tukifika.'"

Matukio yote yametoka kwenye barua yako, isipokuwa vitu vidogo viwili, kule kuinama kwa kondakta na yale macho yake kwenye kikapu, ambavyo nimevibuni ili uone nafasi yake. Wewe ulikuwepo, weka ulichokiona. Mengine ni mpangilio. Mara injini inapozimwa -ka- inaondoka, na vitendo vinakuja katika -na-, kana kwamba vinatokea mbele yetu. Maneno "akasema" na "akamwambia" yameondoka kabisa, kwa sababu msikilizaji anajua sauti ni ya nani, na wewe unaweza kuzitofautisha kidogo tu kwa kugeuza shingo. Neno "jii" linafanya kazi ya sentensi nzima. Lugha yetu ina hazina ya tanakali za namna hiyo, nazo husemwa vizuri zaidi zikiachiwa nafasi baada yake. Na ile hatua ya kondakta kukitazama kikapu ni ucheleweshaji wa makusudi, kwa sababu msikilizaji tayari anajua na anatamani kuona mama atatokaje.

Kisha ishia hapo. Wewe uliandika, "Watu walicheka, na baadaye kondakta alimwacha tu." Ukiwaambia wasikilizaji kwamba watu walicheka, umewafanyia kazi yao, nao hawatacheka. Kama kuna haja ya kufunga, subiri kicheko kipungue ndipo useme yaliyompata jogoo huko Moshi. (Hilo nalo hukuniambia, na bado nataka kujua.)

Nilisema awali kwamba wenzako hawana ukosefu wa adabu, lakini hiyo haina maana kwamba hawahusiki. Mwaka 2000 Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila anayejiona hawezi kusimulia alijue. Watu walisimulia tukio walilonusurika nalo chupuchupu, kila mmoja kwa msikilizaji mmoja. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kwa siri kazi ya kuhesabu maneno yanayoanza na herufi fulani, kwa hiyo walikuwa wakisikia bila kufuatilia kisa. Wasimulizi wao waliharibikiwa, hasa mwishoni, palipopaswa kuwa kilele: wengine walimaliza ghafla, wengine walizunguka na kurudia, wengine walianza kujitetea kwa nini wamekisimulia. Msikilizaji anayeguna, anayekunja uso, anayesema "We!" mahali panapostahili, anakisimulia kisa pamoja nawe.

Sasa fikiria mtu ambaye ameachwa njiani mara nyingi. Anaanza akitarajia kuachwa, anaharakisha, anatazama sakafuni ili asizione simu, na kwa kutokutazama watu anawanyima nafasi ya kumwitikia. Wasipoitikia anazidi kuharibikiwa. Nadhani sehemu ya tatizo lako iko katika mduara huo, na haivunjwi kwa kuongeza vituko. Inavunjwa kwa kuchagua msikilizaji. Kabla hujaanza, tafuta uso mmoja wa mtu anayecheka upesi, shangazi, jirani, shemeji, na umsimulie yeye. Wengine watafuata mkondo. Na usianzie mazoezi mbele ya watu ishirini. Watoto wako wawili usiku ni shule nzuri kuliko nyingi, kwa sababu mtoto husema "halafu?" akitaka kuendelea na husinzia bila kuomba radhi usipomvutia.

Kuhusu chumvi, nitakuwa upande wako zaidi kuliko unavyotarajia. Katika ngano tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na kwa maneno hayo wote tumekubaliana hadharani kwamba kima atazungumza na hakuna atakayelalamika. Kisa cha kweli hakina makubaliano hayo. Ukisema "Mama yangu, Mombo," watu wanakuamini, na ukiingiza dereva aliyeshindwa kuendesha umetumia imani yao vibaya. Naona pia kwamba kaka yako hahitaji nyongeza hizo. Kwa jinsi ulivyoeleza, kicheko kinatoka kwenye "nitampigia tukifika," naye anamwongeza dereva ili kicheko kisiishe. Kisa chake kingechekesha bila hayo.

Lakini nahisi umeyaita uongo mambo mengi kuliko yanayostahili. Kuacha Muheza na Segera si uongo. Kuanzia Mombo na kueleza marufuku ya kuku baadaye si uongo. Maneno halisi ya kondakta baada ya miaka kadhaa hakuna anayeyakumbuka neno kwa neno, na wasikilizaji wanalijua hilo. Unachodaiwa ni maana na roho ya alichosema. Mpaka mimi nauweka kwenye matukio: usiongeze tukio ambalo halikutokea wala mtu ambaye hakuwepo. Ndani ya mpaka huo, panga upendavyo.

Turudi kwenye Desemba. Hotuba ya kusoma ina faida moja: majina hayasahauliki, na katika koo zetu kumsahau mjomba mmoja kwenye shukrani ni kesi ya miaka. Basi andika shukrani na majina kwenye kadi, uyasome bila aibu. Kisa usikiandike. Karatasi huyaondoa macho yako kwa watu, na sentensi za kuandikwa huwa ndefu kuliko pumzi ya msikilizaji. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho peke yake. Katikati utapita mwenyewe kwa sababu ulikuwepo.

Kozi sikuzuii, ila ujue unanunua nini. Vilabu vya Toastmasters, yaani vya watu wanaojizoeza kuzungumza hadharani, ambavyo vipo Dar es Salaam na Nairobi, vinamsaidia mtu anayetetemeka akisimama mbele ya watu, kwa sababu anasimama mara kwa mara na wenzake wanampa maoni. Havitakufundisha kuingia katika maongezi ya ndugu zako sebuleni, ambako ndiko unakoumia. Mafunzo ya gharama kubwa yanayoahidi kukugeuza msimulizi mahiri kwa mwisho mmoja wa juma, ningekushauri ubaki na fedha zako. Mwalimu uliye naye bure ni kaka yako. Mwombe akusikilize ukiwa naye peke yake, na mwombe jambo gumu zaidi, asikurukie katikati kukusaidia. Familia nyingi zina mtu mmoja aliyekabidhiwa usemaji, na huwa haziachii nafasi hiyo kwa mwingine bila mwenye nayo kuridhia.

Lipo jambo ambalo huenda hutalipenda. Kama ukumbini watakuwepo watu ambao tayari wamekisikia kisa cha jogoo kutoka kwa kaka, si busara kushindana naye kwa kisa hicho hicho. Ama mkisimulie wawili, yeye akiwa kondakta, ama uchague kingine unachokijua wewe peke yako. Binti mkubwa wa nyumba hakosi. Umeyaona ya jikoni na ya usiku ambayo kaka hakuyaona. Tafuta tukio moja dogo ambalo ndani yake mama yuko wazi, kama alivyo wazi katika la Mombo, ambapo tunamwona mtu asiyekubali kwenda ukweni mikono mitupu na asiyetishwa na kondakta. Hayo usiyaeleze kwa sifa. Waache watu wayaone.

Na kisa chochote utakachochagua, mwombe mama ruhusa mapema, mkiwa wawili. Kisa cha mtu aliye hai ni mali yake pia. Wapo kina mama wanaocheka nyumbani kwa jambo ambalo wasingependa lisemwe mbele ya wakwe, na akikuambia "Hilo liache," liache bila mjadala.

Usitarajie kuwa kaka yako. Kwa mazoezi ya miezi michache unaweza kuwa mtu anayesikilizwa hadi mwisho, na hiyo ni tofauti na kuwa mtu ambaye akifungua mdomo watu wanavuta viti. Yapo pia mabaraza ambayo hayamsikilizi mtu yeyote, kila mmoja akisubiri tu zamu yake, na huko huna la kurekebisha.

Katika barua yako sioni dalili ya ugonjwa, ila nitaje mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyatoshi. Kama maneno yanakwama kwa kigugumizi kiasi cha kuepuka kuongea, nenda ukaonane na mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache katika nchi zetu, na mahali pazuri pa kuanzia kuuliza ni kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa. Kama hofu inakufanya ukimbie hata mlo wa pamoja, moyo unakwenda mbio siku kadhaa kabla ya mkusanyiko, na hali hiyo imedumu kwa miezi, hilo ni la mwanasaikolojia au mshauri nasaha, na linatibika. Mtu ambaye mara kwa mara hupitwa na maitikio ya wenzake akapimwe masikio. Na kwa yeyote anayesoma jibu hili: mtu akipotelewa na maneno ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri aone kama itapita.

La mwisho ni la mipango tu. Zungumza na mshereheshaji wiki moja kabla, umwombe akupe nafasi yako kabla ya chakula. Sinia za pilau zikishaanza kupita, hata kaka yako hatasikilizwa.